Merikebu Iliyoletwa Vipande Vipande

Jumatatu, 2 Agosti 1937. Chake Chake.

Bwana Shamba kaondoka asubuhi kwenda kaskazini kukagua karafuu zinavyoanikwa. Siku kumi na mbili. Mume wangu Abrahman kaenda naye, maana ndiye boi wake, na bila yeye Bwana hajui hata soksi zake zilipo. Mie nimeachiwa ufunguo wa nyumba kubwa. Kufungua madirisha, kufuta vumbi, kufunga. Basi. Abrahman keshapanda gari bado ananirudia: Time, sanduku lililo juu ya meza ya Bwana usilitie mkono. Nikamwambia mikono yangu ni ya kufulia winda za mwanangu, ya masanduku sina.

Sanduku lenyewe limetoka Ulaya kwa meli. Kifunikoni pana picha ya merikebu ya milingoti mitatu, matanga tele, bendera juu. Bwana kalingoja miezi mitano. Tangu lifike, kila akitoka kazini hulifungua, hutazama, hulifunga, hupiga mluzi. Kuanza hajaanza. Karafuu hazimpi nafasi.

Basi nikafuta vumbi. Moza wangu, mwaka mmoja na miezi miwili, akashika kitambaa cha meza ili asimame. Kasimama vizuri, mashallah. Kitambaa kikaja. Sanduku likaja.

Vipande! Mia mbili, mia tatu, sijui. Vilikuwa ndani ya vibahasha vyenye namba, kila kimoja na chake. Sasa vimechanganyika kama mchele uliomwagikia mchangani. Karatasi ya maelezo, yote Kizungu, Moza kaikalia, na winda ilikuwa mbichi. Kugeuka, namwona anatafuna. Nikatia kidole. Kimeshakwenda. Ni kapi, lile gurudumu dogo la kupitishia kamba, la mti, dogo kama punje ya choroko. Kibahasha kinasema 24. Nimehesabu mara tatu. 23.

Niandike linaloniuma. Boi aliyekuwapo kabla ya Abrahman alitolewa kwa kuvunja kioo cha saa tu. Abrahman akitolewa, na hiki chumba chetu cha uani kinakwenda. Tutarudi Msuka kwa mama yake, Bi Mwanawema, naye alishasema mbele ya watu kwamba mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi, na kwamba mie kuzaa najua, kulea bado. Moza atalala chumbani kwake. Mie nitakuwa mgeni wa mwanangu mwenyewe.

Sitaki. Nitapata njia.

Jumanne, 3 Agosti.

Nimejaribu kuvirudisha. Kutwa nzima. Vibahasha kumi na tisa, vipande havihesabiki, na nusu vyafanana kama watoto wa paka. Nilipofunga kifuniko hakikufunga. Kabla ya kuanguka kilifunga. Vimezaana?

Kapi halijatoka. Moza anacheza kama kawaida. Nimempa papai mara mbili.

Saa ya adhuhuri, namnyonyesha, likanijia. Hebu fikiri. Mtu kanunua merikebu, picha ya merikebu nzima ipo kifunikoni. Kaletewa njiti na vibao. Huko Ulaya fundi kaikimbia kazi, akatia vipande sandukuni akapeleka. Na Bwana wa watu, muungwana, hakulalamika. Hufungua kila siku kuona pengine imejiunda. Hupiga mluzi kujiliwaza.

Na mie ni mtoto wa nani? Wa Fundi Ngwali wa Wambaa, mashua tisa na jahazi moja, na hakuna hata moja iliyorudi kulalamika. Nimekulia chini ya vyombo vyake, nikisokota pamba za kuzibia nyufa. Kaka yangu Himid alipewa shoka, mie nikapewa pamba, lakini macho tulipewa sote.

Bwana akirudi aikute imesimama mezani, matanga juu. Nani atauliza habari za vibahasha? Mtu aliyeletewa nyumba nzima haulizi misumari. Pengine Abrahman atapandishwa.

Jaribu mpishi kachungulia dirishani. Kauliza mbona mlango umefungwa. Nikasema nafuta vumbi. Akasema vumbi hilo limeanza tangu zama za Nuhu au la juzi? Huyu anamtaka mpwa wake Ahmada awe boi mahali pa mume wangu. Bwana akikohoa tu, Jaribu husema Ahmada ajua kutengeneza dawa ya kikohozi.

Jumatano, 4 Agosti.

Nimeanza. Bismillahi.

Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, niliujua mara moja. Namba moja. Kumbe Wazungu nao huanza na mkuku, watu kama sisi.

Vikafuata vibao kumi na kimoja bapa, kama nusu za sahani, kila kimoja na ukubwa wake na namba yake. Nikavicheka. Hayo ni mataruma, mbavu za ndani. Yameandikwa namba mbili mpaka kumi na mbili, ati ndiyo yafuate mkuku! Sasa nimeamini yule fundi alikimbia kwa kutojua kazi. Baba huweka mkuku, hupanga mbao juu yake ubao kwa ubao mpaka chombo kina tumbo, ndipo huchonga mataruma kulifuata tumbo. Mbavu kabla ya tumbo nani kaona? Nikayatia chini ya kitanda.

Mbao zenyewe nyembamba kama ukindu. Nimezichovya maji ya moto na kuzikunja juu ya mvuke wa chungu, kama baba anavyokunja zake kwa moto na maji. Moja ikaungua. Mbili zikakatika. Zimebaki nyingi.

Chupa ya gundi iliyokuja nazo imekauka jiwe. Nikaenda dukani kwa Akberali. Alikuwapo mkewe, Hawabai. Nikaomba gundi. Akauliza ya nini. Nikasema kiatu cha Moza kimebanduka. Hawabai akamtazama Moza miguu, akanitazama mie, akasema tangu mtoto huyu azaliwe hajamwona na kiatu, je, kilibanduka kikaenda zake? Nikarudi mikono mitupu.

Lakini mwenye mfenesi uani hakosi gundi. Nimekwaruza gome, nimekusanya ulimbo kikombe kizima. Unashika! Umeshika mbao, umeshika kikombe, umeshika nywele zangu na kuku mmoja wa Jaribu.

Alhamisi, 5 Agosti.

Kapi limefika salama. Alhamdulillahi. Nimeliosha mara saba, nikalianika juani, nikalitia katika kibahasha na wenzake. Ishirini na nne. Nimelia kidogo, sijui kwa nini. Moza kanifuta uso kwa mkono wenye uji.

Mbao tisa kila upande. Tumbo linaanza kuonekana. Upande wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto, lakini hata watu hawalingani mashavu.

Jaribu kauliza kuku wake kanyonyoka nini. Nikasema majira.

Ijumaa, 6 Agosti.

Wanaume wote msikitini, Jaribu pamoja nao. Nimefanya kazi kwa raha. Ubao wa mwisho umekaa saa saba. Tumbo zima! Limekaa kama ganda la komamanga. Nimelishika mikononi nikasema, baba, ungeona.

Kisha nikayatoa mataruma chini ya kitanda. Hata moja haliingii. Yote makubwa. Si nilisema? Kayachonga bila kuliona tumbo. Nikachukua kisu cha samaki nikayapunguza, moja moja, kama baba, napima kwa kidole, nakata, natia, natoa, nakata tena. Kumi na moja yote. Mengine yamebaki madogo kama kucha lakini yamo ndani.

Sasa hakuna kurudi nyuma. Namba zote zimekwenda na maranda. Nimeyafagia nikayatia mekoni.

Jumapili, 8 Agosti.

Mambo mazito.

Jana nilikitia chombo katika karai la maji kukijaribu. Kikajaa kama kikombe. Baba angecheka. Nimesahau kukizibia nyufa! Nikapasua mto wangu, nikatoa pamba, nikasokota, nikazisukumia nyufani kwa msumari. Juu yake mafuta ya sifa, ya papa, nimeyapata sokoni kwa wavuvi. Chini nikapaka deheni, chokaa na shahamu ya ng'ombe, ule mpako mweupe unaouona kila chombo kikipandishwa pwani. Kimependeza. Kinanuka, ndiyo. Chombo gani hakinuki?

Sikuwaza paka. Leo asubuhi walikuwa kumi na wawili mlangoni kwa Bwana Shamba, wamekaa kwa safu kama wanangoja mshahara. Jaribu akawafuata paka. Akasukuma mlango, upawa mkononi.

Akaiona. Akaliona sanduku tupu. Huyu mtu hajanichekea tangu tuhamie hapa. Leo kacheka mpaka meno ya nyuma. Akasema basi amwambie Ahmada afue kanzu yake nyeupe, maana siku zimekaribia. Akasema na kule Msuka hewa ni nzuri, mtoto atanawiri.

Kisha akili ikanijia. Nikasema kwa unyonge, Ami Jaribu, maadamu umekuja, nishikie mlingoti huu kidogo tu, mtoto analia. Moza hakuwa analia. Akaushika bila kufikiri, watu ndivyo walivyo. Chini ya mlingoti ulimbo ulikuwa mbichi, na juu nilikuwa nimeupaka pia. Nikatoka. Nikakaa uani na Moza mpaka nikamaliza kuchambua pishi ya mchele.

Niliporudi kasimama palepale, vidole vimeshikana na mti. Nikamwambia polepole kwamba sasa kuna mkono wake ndani, na alama za vidole vyake, na Bwana ajua kusoma alama. Akanitazama. Akasema wewe mtoto mdogo una shetani mkubwa.

Nikamletea mafuta ya nazi ajibandue. Kajibandua. Nilidhani ataondoka. Akasema lakini mlingoti umepinda. Nikasema haukupinda. Akasema yeye kapika miaka miwili katika meli ya Bombay, na mie hii nimeitia kichwa nyuma. Nikamwambia mtu aliyeiona meli kutoka jikoni kaona masufuria. Akavua kofia, akakaa. Mpaka alasiri tumefunga kamba, tunagombana. Wali wake umeungua. Kanilaumu mimi.

Simwamini bado. Lakini fundo lake zuri, sitamwambia.

Jumanne, 10 Agosti.

Dereva Shaame kaleta barua ya Abrahman. Nainakili, nisije nikaipoteza:

"Kwa mke wangu Time. Sisi wazima. Bwana kamaliza kazi mapema, tutarudi Alhamisi si Jumamosi. Hana jingine mdomoni ila sanduku lake. Njia nzima asema akifika atafunga mlango, atakaa nalo miezi mitatu, kipande kwa kipande, kwa mikono yake, asiguse mtu. Asema raha yote imo katika kuijenga. Umelifutia vumbi kwa mbali? Tulilala Msuka. Mama akusalimu sana. Kamsukia Moza kitanda kidogo cha kamba, kakiweka chumbani mwake karibu na chake. Asema si kwa lolote, kiwepo tu."

Miezi mitatu! Maskini wa Mungu. Miezi mitatu ya kujichoma vidole, mtu mzima, na shughuli zake zote. Ati raha! Husema hivyo asiye na wa kumsaidia. Nimefanya vyema mno kuanza.

Lakini Alhamisi! Siku mbili! Na kitanda kile. Nimekisoma mara nne, kitanda kile. Nimemkumbatia Moza mpaka kakasirika akanipiga kofi.

Nimemsomea Jaribu barua, yeye hajui kusoma. Kauliza nimsomee tena pale pa "asiguse mtu." Nikamsomea. Kasema ana wasiwasi. Nikasema wasiwasi wa nini, aguse nini mtu tena, kazi imekwisha yote imebaki matanga.

Jumatano, 11 Agosti.

Matanga ishirini na moja! Vijitambaa kama leso za wanasesere. Nani awezaye kuyakunja yote upepo ukibadilika? Nimeyaunga kwa sindano yangu ya kofia, nikafanya matatu ya maana, moja kila mlingoti, ya pembe tatu kama Mungu alivyoyajaalia. Jaribu kasema si ya picha hiyo. Nikamwambia picha ni picha. Akachukua kifuniko akanionyesha. Nikakigeuza uso chini.

Makapi yote nimeyafunga. Ishirini na nne. Lile moja nimeliweka juu kabisa, safi kuliko yote.

Zimebaki bunduki ndogo za shaba kumi na mbili. Nimezitia ndani ya tumbo ziwe farumi, uzito wa kukituliza chombo. Merikebu ya mtu mwema ina haja gani na bunduki?

Nimeiweka mezani, kitambaa kipya. Nimechoma udi kupunguza papa. Sasa panuka udi na papa.

Kesho.

Alhamisi, 12 Agosti.

Nitaandika kidogo.

Wamefika saa nane. Bwana kashuka garini akipiga mluzi. Kapita jikoni, kamwambia Jaribu chai, aletewe mezani, na mtu asimsumbue. Kafungua mlango. Mluzi ukakatika.

Nilikuwa nyuma ya Abrahman, Moza mgongoni. Nilimwona Bwana anaitazama merikebu. Akazunguka meza. Akainyanyua, na deheni ikamshika kotini, upande wa moyo. Akasema nani. Neno moja.

Jaribu, aliyeshika birika, akasema haraka kwamba ni kazi ya mwanamke huyu peke yake, yeye hajui lolote. Nikasema ni mie, Bwana, si kazi kubwa, usinishukuru. Nikasema nimekuondolea miezi mitatu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo tangu jana.

Kalichukua sanduku tupu, kakaa kitini, kalipakata. Abrahman kasema baadaye kwamba Bwana alipofiwa na mama yake alikaa vivyo hivyo. Kisha akatuambia kwa upole sana tutoke. Ule upole ndio ulionitisha.

Ijumaa, 13 Agosti.

Abrahman kaitwa baada ya sala. Karudi na karatasi. Kazi mpaka mwisho wa mwezi, na chumba vilevile.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Kakaa kizingitini, kavua kofia, kaivaa, kavua. Kauliza Time, ulikuwa unafikiri nini. Nikamweleza yote, tangu kitambaa. Akasikiliza. Akasema hata yeye, lau angejua kujenga, labda angefanya hivyo, na kwamba nisimwambie mtu kasema hivyo.

Nimefunga nguo za Moza katika kanga. Zimetosha kanga moja. Nikazifungua tena, nikazikunja upya, ili siku iishe.

Jaribu kapita mara tatu. Mara ya nne kaleta mchuzi wa pweza, kauweka chini, hakutazama. Akasema Ahmada hajui kupiga pasi, hakuna siku aliyojua. Akaondoka.

Jumamosi, 14 Agosti.

Sikuweza kukaa. Nikambeba Moza nikaenda nyumba kubwa, bila ruhusa, kwa mlango wa nyuma. Nilikusudia kulia. Nimemfundisha Moza kushika mguu wa mtu.

Bwana alikuwa uani, kachuchumaa kando ya tangi la maji. Merikebu mkononi. Nikajua anaizamisha. Nikasema moyoni ina haki yake kuzama, lakini nisione.

Akaiachia. Ikaelea.

Imelalia kulia kama mtu aliyebeba pakacha, lakini inaelea. Akaisukuma, ikaenda, ikageuka yenyewe. Akaitoa, akachungulia ndani. Pakavu. Akaniona. Nikasahau kulia. Moza akashika mguu uliokuwa karibu, nao ni wa tangi.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha ofisini, hizi mbao zimeshikana na nini bila mbavu. Nikamwambia mbavu zimo, ila zilikuja mwisho. Akasema vitabuni mwao mbavu ni kwanza. Nikamuuliza, samahani Bwana, sasa wanajuaje ukubwa wa mbavu na tumbo halijakuwapo? Akaniambia nimwonyeshe. Nikachuchumaa nikamwonyesha kwa vijiti vya karafuu: mkuku, ubao, ubao, unakunja hivi, unaziba hivi. Mikono ilinena yenyewe. Hakucheka. Lakini hasira zilimpotea kidogo, kama mtu aliyesahau jino linalomuuma.

Kauliza nani kanifundisha. Nikamtaja baba.

Kisha akamwita Abrahman, akasema mbele yetu sote, pole pole, tusikose kuelewa. Yeye alitaka kujenga. Si kuwa na merikebu. Kujenga. Hilo nimemnyang'anya, na sanduku jingine ni miezi mitano. Basi kama Fundi Ngwali atamkubali awe mwanafunzi wake kila Jumapili, na kama yeye Bwana atajenga kidau kimoja, kidogo, cha watu wawili, kwa mikono yake mwenyewe, toka mkuku mpaka deheni, basi Abrahman atabaki na chumba kitabaki. Kwa mikono yake mwenyewe, akasema mara tatu. Ikiwa sivyo, ile karatasi bado ipo mezani.

Ufunguo lakini kauchukua.

Nimeikubali kwa niaba ya baba. Kuna mambo ya Wazungu sitayajua. Ana gari, ana watumishi, ana kiti cha kujikunja, na mtu huyo anataka malengelenge.

Jumatatu, 23 Agosti.

Jana Bwana kaenda Wambaa mara ya pili. Abrahman kaniambia yote. Wiki ya kwanza kalaza mkuku, kaharibu miti miwili, baba akampa wa tatu. Jana kaweka ubao wa kwanza. Kutwa nzima, ubao mmoja! Karudi viganja vimetoka damu, shati limechanika, kanyeshewa, anapiga mluzi. Kamwonyesha hata Jaribu viganja. Kamwambia Abrahman kwa mwendo huu kitakwisha kabla ya Ramadhani, na ile karatasi akaichana, nusu. Nusu nyingine kaitia katika mtoto wa meza.

Bi Mwanawema kaleta salamu. Kauliza tunakuja lini. Nimemjibu kitanda akianikie mihogo.

Nimelala usingizi leo, mara ya kwanza. Na nimeamka namwonea huruma Bwana. Viganja vile! Mtu mwema kama yule, katuachia nyumba yetu na mtoto wetu, nasi tunamtazama anajiumiza Jumapili baada ya Jumapili.

Kesho anakwenda Unguja kwa mkutano, wiki mbili. Kamwagiza baba asiguse hata kijiti mpaka arudi. Haya, ni adabu yake tu, hapendi kuwasumbua watu.

Nimeandika barua, Shaame ataipeleka leo. Nimemwambia baba achukue Himid na mafundi wawili, wafanye kazi mchana kutwa, wakimalize, mbao, mataruma, deheni na tanga lake. Bwana akirudi akikute kinaelea.

Sijamwambia Abrahman. Nataka naye ashangae.